Karatasi Ndani ya Jalada

Jumatano, 6 Agosti

Watu ishirini na mmoja dirishani leo. Vizazi kumi na vinne, vifo saba. Mwandiko umenyooka mpaka saa nane, kisha mkono ukachoka.

Mzee mmoja kutoka Pongwe amechelewa kuandikisha kifo cha kaka yake. Nikamwambia ninavyowaambia wote: sheria imetoa muda, mzee wangu, na muda umepita. Akaniangalia. Akaniuliza kama mimi nimewahi kuzika. Nikamwambia akae kwenye benchi amsubiri Mama Mhina.

Saa tisa Mama Mhina mwenyewe akaniita chumbani kwake. Nikajua amegundua. Ameiongoza ofisi hii ya vizazi na vifo tangu mimi niko shule, hakuna karatasi isiyopita chini ya miwani yake. Kumbe ni habari ya likizo.

"Karani asiyetaka kupumzika ana kitu anaficha," akasema. Alikuwa anatania. Sikuweza kucheka. Akalainisha sauti. "Bakari, tangu mmezika hujakaa nyumbani hata siku moja. Mchukue mkeo mkazunguke. Wazungu wanapanda ndege kuja kuona kisiwa cha Maziwe, nyie mliozaliwa hapa hamjafika."

Likizo inaanza kesho. Narudi kazini Alhamisi ijayo, tarehe kumi na nne. Tarehe aliipanga yeye. Hakujua ni tarehe gani.

Niandike wazi, humu hasomi mtu. Binti yetu alizaliwa tarehe 14 Mei, masika yamechachamaa. Aliishi siku sita. Hospitali ilinipa tangazo la kizazi, karatasi ile ile ambayo kila mzazi huileta dirishani kwangu. Sijaiandikisha. Kizazi sijaandika, kifo sijaandika. Mke wangu Mwanaidi nilimwambia nimeshaandika vyote. Kuandikisha kizazi sheria inatoa miezi mitatu. Inatimia tarehe kumi na nne. Muda wa kifo ulishapita zamani.

Karatasi ilikuwa droo ya chini. Leo nimeitoa nikaichomeka ndani ya jalada la plastiki la daftari hili. Naogopa mtu akifungua droo yangu nisipokuwepo. Nitasafiri nayo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mapango ya Amboni. Mwanaidi alivaa raba za kaka yake. Mimi nilivaa viatu vya kazini, kosa.

Giza, popo, harufu ya popo. Muongozaji alikuwa na tochi mbili, moja betri zake zimechoka. Nilimuuliza kama mwamba umewahi kuporomoka. Akasema si leo. Nilihesabu njia tulizokunja ili nijue kurudi. Kona tisa.

Kuna mahali panapitika kwa kutambaa tu. Mwanaidi akaingia bila kuuliza. Mimi nikabaki nimeinama mdomoni mwa tundu. Sauti yake ikaja kutoka upande wa pili.

"Bakari! Karani mzima wa serikali anaogopa shimo?"

"Mwache, dada," muongozaji akasema. "Anatulindia mlango usifungwe."

Akacheka. Kile kicheko cha Mwanaidi cha tumboni, kinachommaliza pumzi. Tangu Mei sijakisikia. Nilisimama gizani nakisikiliza, na badala ya kufurahi tu nikawaza: nikimwambia, kitazimika hiki. Kwa hiyo nisimwambie mpaka safari iishe. Uoga wangu umejipatia sababu nzuri.

Alasiri shangazi yangu alikuja nyumbani Ngamiani kutuletea mikate ya kumimina ya njiani. Akamwambia Mwanaidi, "Haya, mkirudi mje na mwingine." Mwanaidi alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Shangazi si mtu mbaya. Lakini ndiye aliyesema, tumetoka tu makaburini, kwamba mtoto hakufika siku ya saba, kwa hiyo hana jina. Aandikwe mtoto wa Bakari, basi. Kwetu jina hutolewa siku ya saba, mtoto ananyolewa, mbuzi anachinjwa. Mbuzi alikuwa ameshafungwa uani. Udi umeshanunuliwa. Akafa siku ya sita, asubuhi.

Lakini jina alikuwa nalo. Mwanaidi alimpa saa ile ile aliyozaliwa, sikioni, kisha akaniambia mimi. Tulilijua watu watatu. Sasa wawili. Sijaliandika popote, hata humu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane. Tumeshuka Tongoni kabla jua halijakuwa kali, tukaone magofu.

Msikiti hauna paa. Kuzunguka msikiti, makaburi ya nguzo, nyingine zimesimama, nyingi zimelala. Mlinzi alieleza vizuri, pole pole, kama mwalimu. Mahali nguzo zilipotobolewa palikaa mabakuli ya kauri kutoka mbali, sasa hayapo. Mwanaidi akauliza ni makaburi ya nani.

"Ya wakubwa, dada. Majina yamekwenda."

"Na haya madogo?"

"Haya hata wakati ule sidhani kama waliyaandika."

Alisimama muda mrefu mbele ya moja, mawe ya matumbawe yamepangwa, urefu wake kama mkono wangu. Mimi nilijifanya nasoma kibao. Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Cheti kimetoka?"

Nikasema kiko kwa Mama Mhina, kinasubiri sahihi. Uongo wa pili umetoka laini kuliko wa kwanza. Hilo ndilo limenitisha. Wa kwanza, ule wa Mei, niliusema mbele ya mama yake, nikamwaga chai.

Pangani saa tisa. Nyumba ya wageni karibu na mto, ngazi za mbao, safi. Mapokezi kuna kitabu cha wageni: jina, kabila, utokako, uendako, kazi. Safu ya mwisho: watoto mlionao. Msichana wa mapokezi alikuwa na kalamu nyuma ya sikio na haraka.

"Watoto?"

"Hatuna," nikasema. Nilisema kama ninavyosema dirishani, upesi, ili foleni isogee. Hapakuwa na foleni.

Mwanaidi akachukua begi lake akapanda ngazi. Jioni hakula samaki wake. Nilidhani namwepusha na maswali. Nimemfuta mtoto kwa neno moja, mbele ya mama yake, mbele ya msichana anayetafuna jojo.

Jumamosi, 9 Agosti

Hajasema nami ila mambo ya lazima. Taulo. Maji. Ufunguo.

Tumevuka mto kwa kivuko. Bweni tukapata bodaboda mbili. Alipanda ya mbele, hakuangalia nyuma. Barabara mchanga na minazi, mashamba ya mkonge upande wa juu. Nilishika chuma cha nyuma mpaka vidole vikafa ganzi.

Ushongo. Kibanda cha makuti, chandarua kizima, bahari hatua hamsini. Mama mwenye vibanda alitupokea kwa maji ya madafu na maswali, kama kawaida ya watu wetu. Mmetoka wapi, nyie wa nani, mna watoto wangapi.

"Mmoja," Mwanaidi akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mashallah. Mmemwacha na nani?"

"Yuko Tanga. Yuko na bibi yake."

"Vizuri. Mumwogeshe mbali na bahari mpaka akue," mama akasema, akacheka, akaenda zake.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Mtoto tulimlaza karibu naye. Mwanaidi hakusema uongo hata neno moja. Katika chumba hiki mwongo ni mmoja.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kidogo afadhali. Aliniambia nipake mafuta shingoni, jua litanichoma. Nilishukuru kama nimepewa zawadi.

Mchana tumejuana na Chande. Ana mashua ya mashine, huwapeleka wageni Maziwe. Ni huyo huyo anayelinda mayai ya kasa kwa ajili ya mradi wa kijiji. Ana maneno mengi na meno machache. Ameshanipa jina: Karani. Nilimuuliza mashua ina maboya ya kuvaa mangapi na kila moja lina mshipi mzima au vipi. Akamwambia Mwanaidi, "Shemeji, huyu siku ya harusi aliuliza kama kitanda kina breki?"

Kasa hutaga Maziwe, lakini bahari hufunika kisiwa, mayai yakaoza. Chande na wenzake huyachimba, huyaleta huku pwani, huyafukia upya na kuweka kijiti chenye tarehe. Leo tumbo moja, yaani mayai ya kasa mmoja, lilikuwa limefika siku zake.

Saa kumi tulikuwa hapo, sisi na wageni wawili wa Kizungu. Mchanga ukacheza. Kisha kichwa, kama kifungo cha koti. Kisha wengi kwa pamoja, wanapanda migongoni mwa wenzao, wanashuka kuelekea maji bila kuelekezwa na mtu. Mwanaidi alipiga magoti. Walimpita pande zote mbili za goti.

Walipokwisha, Chande akachimba shimo mpaka chini. Akatoa maganda, akayapanga kumi kumi. Akatoa mayai viza. Akatoa vitoto vitatu, akaviweka pembeni juu ya jani. Halafu akachukua daftari lake la shule, lenye safu zilizochorwa kwa rula. Nililitazama kwa jicho la kazi. Safi. Hakuna kilichofutwa.

"Na hawa?" Mwanaidi akauliza. Vitatu vile havikutikisika.

"Hawa hawakuwahi, shemeji."

"Unawaandika?"

"Lazima. Nisipowaandika, mayai na watoto havitalingana. Mkubwa wangu atasema Chande kala." Akacheka. Wageni nao wakacheka bila kuelewa.

Mwanaidi hakucheka. Aliangalia kalamu ya Chande mpaka ikamaliza mstari.

Tulipokuwa tunarudi kibandani akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wetu yuko ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na mbili," nikasema.

Sikusita hata kidogo. Ukurasa wa arobaini na mbili wako mapacha wa Chumbageni. Niliwaandika mwenyewe, nawakumbuka.

"Arobaini na mbili," akarudia, pole pole, kama mtu anayeshika namba ya simu bila kalamu. "Tukirudi nataka kuuona. Siulizi cheti. Niuone tu ukurasa."

Ameingia kuoga. Namsikia ndani anaimba chini chini. Amefurahi. Nimempa namba na amefurahi nayo. Sijawahi kujichukia namna hii.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika tangu alasiri. Nimesimama mara tatu. Niandike kama yalivyokwenda.

Tumetoka saa tatu asubuhi. Bamvua. Maji yalikuwa yametoka mbali sana, tumetembea kwenye majani ya bahari mpaka kwenye mashua. Boya nilivaa tangu chai. Chande alinionyesha kwa watu wote ufukweni. Mawimbi hayakuwa makubwa, upepo ulikuwepo. Nilishika ubao kwa mikono yote miwili na kutazama mahali pamoja.

Maziwe ni mchanga. Mchanga mweupe katikati ya bahari, hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna chochote. Chande akasema zamani palikuwa na mivinje mingi, babu yake alikuja huku akalala chini yake. Ilianguka mmoja mmoja. Sasa maji yakijaa hapaonekani kama paliwahi kuwa na kitu.

"Saa saba kamili tunaondoka," akatuambia. "Saa nane hapa wanatembea samaki."

Akabaki na mashua. Sisi tukatembea mpaka ncha ya mbali. Mwanaidi alikuwa mbele, ameshika viatu mkononi, khanga imevimba kwa upepo. Alifika akakaa. Nikakaa. Tukaangalia maji. Palikuwa pazuri. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sitapasahau.

Kisha akaandika mchangani kwa kidole. Herufi moja moja, kubwa, kama anavyowaandikia darasa la kwanza ubaoni. Jina. Sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa. Nilikuwa nimelisikia tu, mara moja, na yeye amelala kitandani kule wodini.

"Uliliandika kwa herufi kubwa?" akauliza. "Ukurasa wa arobaini na mbili. Au zile ndogo zako za kulala?"

Nikasema, "Hayumo."

"Hayumo nini?"

"Hayumo kwenye daftari. Hakuna ukurasa. Sijamwandika, Mwanaidi. Karatasi ya hospitali ninayo mimi."

Hakulia. Nilitamani alie. Alitazama jina, akanitazama, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mei, Juni, Julai. Ni mwalimu, anajua kuhesabu, na mimi mwenyewe nilishamweleza sheria ya miezi mitatu tulipokuwa wachumba, nikijisifu kazi.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi."

"Kwa nini?"

Nikajaribu kueleza. Kwamba wiki ile ile niliingia ofisini mapema, nikafungua daftari la vizazi, nikashika kalamu. Kwamba sauti ya shangazi ilikuwa kichwani, mtoto hana jina. Kwamba kuandika bila jina sikuweza, na kuandika jina sikuweza pia, maana chini ya daftari la vizazi lipo daftari la vifo. Nikishaandika la kwanza lazima nifungue la pili. Siku ile ile, kwa mwandiko ule ule. Nikafunga. Kesho yake nikafunga tena. Halafu ikawa rahisi kutofungua. Kisha akauliza mbele ya mama yake, nikasema ndiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho nakinakili kama alivyokisema.

"Walinikataza nikamwosha. Mimi, kwa mikono hii, nimetoka kuzaa, miguu haijasimama. Nikamwosha, nikamkausha, nikampaka karafuu maiti. Wewe kalamu imekushinda."

Nikatazama mikono yake.

Chande akapiga kelele kutoka mashuani. "Karani! Maji hayana likizo!"

Kweli yalikuwa yamegeuka. Ncha tuliyokaa ilikuwa imeshakuwa nyembamba. Nikasimama. Yeye hakusimama. Nikamwita, hakujibu. Maji yakafika herufi ya kwanza, yakarudi, yakafika tena. Nikamshika mkono, akautoa. Nikamshika tena, akanisukuma kifuani, nikakaa majini. Nyuma yetu mchanga ulikuwa umekatika, njia tuliyokuja nayo ilikuwa imeshakuwa mkondo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na haikuwa bahari. Nilimwogopa yeye, namna alivyotulia.

Chande alikuja mwenyewe, maji ya magoti, kisha ya mapaja. Hakufanya mzaha. Alichuchumaa mbele yake.

"Shemeji, sijui mmekosana nini. Lakini nikirudi Ushongo peke yangu nitasema nini? Wanawake wa pale watanila mbichi. Nisaidie mimi basi, kama humsaidii yeye."

Akanyanyuka. Alishika mkono wa Chande, hakushika wangu. Nilipogeuka, mahali palipokuwa na jina palikuwa maji.

Tumefika pwani ndipo nikaona boya langu. Lilikuwa chini ya ubao, miguuni. Nililivua tulipofika kisiwani, nikaliacha mashuani ili nitembee vizuri. Safari nzima ya kurudi sikulivaa, wala sikulikumbuka.

Ndani ya kibanda akanyoosha mkono. "Lete."

Nikaitoa karatasi kwenye jalada. Aliisoma yote, amesimama mbele ya dirisha, mpaka muhuri. "Kilo mbili na gramu mia tisa," akasema. "Nilikuwa nimesahau uzito." Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Jumanne, 12 Agosti

Ameondoka asubuhi. Anakwenda Moa kwa mama yake. Alisema neno moja tu: "Usinifuate." Bodaboda iliita mlangoni, akapanda, ameshika pindo la khanga mkononi kama mtu aliyebeba kitu kibichi.

Nimerudi peke yangu. Kivuko, Pangani, Tongoni dirishani, mji. Sikushuka popote. Jirani yetu, ambaye hana neno asilolitania, alinikuta naingiza begi moja. "Karani, mkeo umemwacha aolewe na papa?" Nikamwambia amepitia kwao. Akaniangalia usoni, akaingia kwake. Baadaye akaniletea bakuli la maharage ya nazi. Sikuwa nimemwomba.

Moa ni mbali. Ukivuka kidogo uko Kenya. Mwanamke anayekwenda kwao bila kusema atarudi lini, watu wanajua maana yake.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepiga simu mara tatu. Inaita tu.

Nimepiga pasi shati la kesho. Nimeipiga tena.

Kesho ndiyo siku ya mwisho na karatasi iko Moa. Bila karatasi hakuna la kuandika. Ndivyo ninavyowaambia watu.

Nimeamua kitu kimoja. Asubuhi kabla ya kufungua dirisha nitamwambia Mama Mhina. Akinifukuza anifukuze. Nimekwisha andika hapa, kwa hiyo nitafanya.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilimwambia saa moja na nusu, amesimama anatundika pochi. Nilisema yote kwa mara moja, maana niliogopa nikipumua nitaacha.

Alivua miwani. "Kwa hiyo miezi mitatu umekuwa unawaambia wazee wa watu wamechelewa."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa Pongwe."

"Ndiyo, mama."

Akavaa tena miwani. "Habari ya barua ya onyo tutaizungumza," akasema. "Sasa nenda dirishani. Watu wamefika."

Nikafanya kazi. Vizazi vitatu, kifo kimoja. Kwenye saa nne niliinua kichwa niite anayefuata, nikamwona kwenye benchi. Buibui jeusi, vumbi la safari kwenye pindo. Upande mmoja baba kijana na kichanga kwenye shali, upande wa pili bibi mwenye fimbo. Mwanaidi alikuwa anangoja zamu yake kama watu wote. Baba yule alimwambia apite mbele. Akakataa.

Zamu yake ikafika. Akaja dirishani. Akatoa pindo la khanga, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaiweka karatasi mbele yangu na kuinyoosha kwa kiganja.

Nikasema ninachosema kila siku.

"Jina la mtoto?"

"Mwanamvua," akasema. "Kwa herufi kubwa."

Nikaandika. Jinsia. Siku ya kuzaliwa. Mahali. Alijibu kila kimoja kwa sauti ya kusikika, ingawa vyote vilikuwa kwenye karatasi na vyote nilivijua.

"Jina la mama?"

Akataja.

"Jina la baba?"

Hapo akaniangalia. Nilidhani hatajibu. Nyuma yake bibi mwenye fimbo alikohoa.

"Bakari Salehe," akasema. "Karani."

Mama Mhina alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Mwandiko haukunyooka. Nilitaka kuchukua ukurasa mwingine. Akanizuia. "Acha hivyo hivyo. Unasomeka." Akatia sahihi yake.

Ukurasa wa sabini na sita.

Nikavuta daftari la pili, lile la chini. Mwanaidi akaweka mkono juu ya jalada lake.

"Hili kesho. Leo aandikwe amezaliwa tu."

Nikamwangalia Mama Mhina. Muda wa kifo umekwisha pita, siku moja haiongezi wala haipunguzi. "Kesho, mwanangu," akamwambia. "Uje na maelezo ya kuchelewa, kwa maandishi."

"Maelezo ataandika yeye," Mwanaidi akasema.

Akaomba aguse jina. Nikaligeuza daftari la vizazi. Aliweka kidole pembeni ya jina, si juu yake, wino ulikuwa mbichi. Akasubiri ukauke. Watu wa nyuma hawakusukuma.

Nilidhani ameondoka. Saa tisa na nusu nilipofunga dirisha alikuwa bado kwenye benchi, viatu amevivua, amesinzia. Tumetembea kwa miguu mpaka Ngamiani. Sijui kama amerudi au amekuja kulala tu. Sikuuliza. Jirani alitusalimia bila mzaha wowote.

Sasa yuko uani, anachambua mchele. Jalada la daftari hili limelala bapa, halina kitu ndani.

Mwanamvua Bakari. Nimeliandika na humu.

Kesho daftari la pili. Amesema saa nne atakuwepo dirishani.